Inhela ya Bluu Peke Yake Haijawahi Kutosha

Nikisema inhela, wewe unawaza ile ya bluu. Iko kwa mfuko wa sweta ya shule, iko kwa chemisti za Migori, Rongo na Homa Bay. Kifua kikibana unavuta mara mbili, unapumua, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba historia ya kutegemea dawa ya aina hiyo pekee ina makaburi mengi, na wengi walio humo walikuwa rika letu.

Inhela yenyewe ilitokana na swali la msichana wa miaka 13. Mwaka wa 1955 kule Marekani, binti ya George Maison, bosi wa kampuni ya Riker Laboratories, alichoka na kile kifaa cha kioo alichokuwa akifinya kila akitaka dawa ya pumu. Akamuuliza baba yake mbona dawa isiwekwe kwa kopo la kupuliza, kama ile ya nywele. Mwaka uliofuata inhela ya kwanza ya mfukoni ikaingia sokoni. Manze, wazo la mtoto wa shule!

Lakini dawa iliyowekwa ndani ilikuwa ya kufungua njia ya hewa tu. Pumu ni mambo mawili: misuli inayozunguka mirija ya hewa inakaza, na ukuta wa ndani unavimba na kujaa makamasi. Dawa ya kufungua inalegeza misuli. Uvimbe haiutibu. Kwa hivyo unaweza kujiskia poa huku ugonjwa unapanda polepole, hadi siku unavuta mara kumi na hakuna kitu inafanyika.

Uingereza iliona hiyo siku katika miaka ya 1960. Vifo vya pumu kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 14 vilipanda karibu mara nane ndani ya miaka saba hivi, wakati inhela kali za isoprenalini zilikuwa zinauzwa dukani bila cheti cha daktari. Wataalamu walibishana: ni dawa iliyoua, ama ni watu kuchelewa kwenda hospitali kwa sababu waliamini kopo? Kutoka 1976 New Zealand nayo ikapata wimbi lake, safari hii na fenoteroli, na vifo vilishuka matumizi yake yalipobanwa. Mara mbili, wasee.

Dawa ya uvimbe haikukosa. Steroidi ya kuvuta, beklometasoni, ilifika Uingereza mwaka wa 1972. Tatizo lake ni la kibinadamu kabisa: ukiivuta huskii kitu. Ya bluu unaiskia ndani ya dakika chache. Sasa we ukiwa na miaka 16, utakumbuka gani kila asubuhi?

Ndipo kukaja wazo la kuziweka zote mbili kwa kopo moja. Budesonidi inashughulikia uvimbe, formoteroli inafungua haraka na kukaa karibu saa 12. Sweden iliidhinisha inhela hiyo mwaka wa 2000. Ukibanwa ukavuta, dawa ya uvimbe inaingia pia, utake usitake. Mwaka wa 2019 GINA, kundi la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, lilisema wenye miaka 12 na zaidi wasitibiwe tena kwa dawa ya kufungua pekee. Na 2025, New Zealand hiyo hiyo ilitoa utafiti wa watoto wa miaka 5 hadi 15: waliotumia ya pamoja walipata mashambulizi pungufu kwa asilimia 45 kuliko wa salbutamoli.

Rudi sasa huku kwetu. Miwa inachomwa Awendo, tumbaku inakaushwa kwa kuni Kuria, vumbi la machimbo ya dhahabu liko Macalder, na kando ya ziwa kuna moshi wa kukausha samaki. Mapafu ya hapa yana kazi. Bado ya bluu ndiyo rahisi kupata, na ya pamoja bei yake ni mara kadhaa zaidi. Mzazi anayehesabu pesa ya unga atachukua gani? Serikali za kaunti ndizo ningezibana kwanza: dawa hii iwe kwa hospitali za umma, si kwa wenye pesa tu.

Kitu moja kabla ukimbie chemisti. Si kila inhela ya pamoja ni ya kuvuta ukibanwa. Yenye salmeteroli hufanya kazi polepole, hiyo si ya dharura. Usibadilishe yako bila kuongea na daktari. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya pumzi, tafuta boda ya hospitali saa hiyo hiyo, ukiendelea kuvuta ile uliyo nayo njiani.