Bobcat na Bomba la Grisi

Mwaka 1957, karibu na Rothsay, Minnesota, Marekani, mfugaji wa batamzinga Eddie Velo alihitaji mashine nyepesi ya kuzoa samadi kwenye banda la ghorofa, ikijipenyeza kati ya nguzo. Mafundi wa chuma, ndugu Cyril na Louis Keller, wakamtengenezea mtambo wa magurudumu matatu.

Kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, iliuchukua mwaka uliofuata. Mwaka 1960 ikatoa M400 ya magurudumu manne. Jina Bobcat lilikuja 1962.

Magurudumu yake hayapindi: upande mmoja ukizidi mwendo, mashine huburuzika na kugeuka. Vumbi na samadi navyo huingia kwenye pini za mikono ya kuinulia na za ndoo, zikalika zisipopata grisi.

Dawa ya kulika huko ni ya zamani kuliko mtambo wenyewe: nipeli ya grisi, yaani kichomozo kidogo cha kuingizia grisi, ambayo mvumbuzi Oscar Zerk aliipatia hataza Marekani mwaka 1929. Fundi hushusha mikono chini, huzima injini, hufuta nipeli kwa kitambaa, kisha hupiga bomba la grisi mpaka grisi chafu itoke pembeni.

Mwenye mtambo, usiruke hatua ya kufuta: nipeli chafu husukuma mchanga ndani ya pini.