Ndoa, Mpaka na Ushahidi wa Dhiki

Ndoa ni mkataba wa watu wawili, na mpaka ni mkataba wa dola mbili. Mikataba hii ikikutana, ule wa dola huuliza ule wa watu: wewe una uzito gani? Insha hii yachungua jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika nchi mbalimbali, hasa kwa mtu wa kisiwa cha Pemba, ambaye bahari ilimfunza kuoa ng'ambo kabla serikali hazijamfunza kuchukua pasi ya kusafiria.

Wavuvi wa Pemba wana desturi ya kuhama na majira, wakipiga kambi mbali na kwao mpaka samaki wapungue. Safari hiyo huiita dago. Dago liliwafikisha Vanga, Shimoni, Wasini, Kilifi na Malindi, na baadhi yao walioa huko, wakajenga, wakazikwa. Zamani hizo ukanda wa pwani ya Kenya, wenye upana wa maili 10, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, ingawa Waingereza ndio walioutawala tangu 1895. Mvuvi aliyetoka Wete kwenda Vanga hakudhani kuwa ametoka katika nchi ya mtu mmoja na kuingia ya mwingine. Desemba 1963 hesabu hiyo ilifutwa. Unguja na Pemba zilipata uhuru tarehe 10, Kenya tarehe 12, na bahari iliyokuwa njia ikawa ukuta.

Hapo ndoa iliwekwa katika mizani kwa mara ya kwanza. Katiba ya Kenya ya 1963 ilimruhusu mwanamke aliyeolewa na raia aombe kuandikishwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hakupewa njia hiyo. Basi mvuvi wa Kipemba aliweza kuwa na mke Mkenya na kaburi la mzazi katika ardhi ya Kenya, na bado akakosa kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho akakosa leseni ya uvuvi kwa jina lake mwenyewe. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo: mtu yeyote, mume au mke, aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka 7 ana haki ya kuomba uraia. Julai 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa. Miaka 60 ilikuwa karibu kutimia tangu bahari igeuzwe ukuta.

Tusijione bora kuliko majirani. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 yampa mke mgeni wa raia njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake, lakini haimpi njia hiyo mume mgeni wa mwanamke raia. Katika mizani ya namna hii jinsia hupimwa na miaka huhesabiwa. Dhiki haiulizwi.

Marekani iliiweka dhiki yenyewe katika mizani. Sheria ya 1940 iliruhusu kusimamishwa kwa kufukuzwa kwa mgeni endapo kuondoka kwake kungemletea hasara kubwa ya mali mume au mke, mzazi, au mtoto mdogo aliye raia au mkaazi halali. Lugha yake ilikuwa lugha ya mkate: nani atalisha nyumba hii? Mwaka 1952 neno la mali liliachwa, pakawekwa dhiki ya ajabu isiyo ya kawaida, na dhiki ya mgeni mwenyewe ikaruhusiwa kuhesabiwa pamoja na ya jamaa zake. Mwaka 1957 msamaha wa namna hii ulipanuliwa kwa baadhi ya wageni waliozuiliwa kuingia kwa sababu ya makosa ya nyuma, wakiwa na jamaa walio raia. Mwaka 1962 kipimo kililegezwa kwa wengi, kikawa dhiki kubwa mno. Kisha sheria ya 1996 ilikaza kamba. Katika shauri la kusimamisha kufukuzwa, dhiki ya mgeni asiye na ukaazi halali iliondolewa katika hesabu. Ikabaki ya jamaa zake peke yake.

Sheria hiyohiyo ya 1996 ilileta kizuizi ambacho wengi wamejikwaa nacho. Mtu aliyekaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180, kisha akatoka kabla ya mwaka kutimia, huzuiliwa kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Msamaha upo, lakini aombaye lazima athibitishe kuwa mumewe, mkewe au mzazi wake, aliye raia au mkaazi halali, atapatwa na dhiki kubwa mno. Machozi ya mwombaji mwenyewe hayapimwi. Hata dhiki ya mtoto huingia tu kwa mlango wa nyuma, yaani kwa kadiri inavyomwelemea mzazi anayehesabiwa. Tangu Machi 2013 baadhi ya waombaji wameruhusiwa kuomba wakiwa bado ndani ya nchi, ili wasitengane na jamaa zao kwa muda mrefu wakingoja jibu.

Tumfikirie mtu wa Wete aliyeoa raia wa Marekani. Mkewe ataulizwa maswali mawili: ukibaki hapa bila mumeo utapatwa na nini, na ukimfuata Pemba utapatwa na nini? Akijibu kuwa atamkosa, ataambiwa kuwa upweke na upungufu wa fedha ni mambo ya kawaida ya kutengana. Uamuzi wa 1999 wa baraza la rufani za uhamiaji ulitaja mambo ya kutazamwa: jamaa alionao raia huyo ndani na nje ya nchi, hali ya nchi atakayohamia, hasara ya fedha, na afya, hasa pale ambapo tiba inayofaa haipatikani. Mambo hayo hupimwa kwa jumla, kwani mizigo midogo mingi huweza kuwa mzigo mmoja usiobebeka. Lakini kila mzigo wataka karatasi yake: barua ya daktari, hati ya mshahara, hesabu ya madeni, kiapo cha jirani. Na zote zikitimia, bado mwamuzi ana hiari ya kukubali au kukataa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha yetu hana budi kusimama. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Malezi ya Pemba hufuata njia hiyo: nyumba ina stara yake, na anayetangaza ugonjwa, deni au huzuni ya mwenzi wake huonekana amemvua nguo hadharani. Sheria, kwa upande wake, humwita kata atoe ushahidi juu ya mtungi. Mke aliyezoea kusema "tunashukuru" sharti aandike kuwa halali usingizi. Mume aliyeficha maradhi ya mkewe kwa mapenzi sharti ayaweke mezani kwa mapenzi yayo hayo. Asiyejua kuisema dhiki yake katika lugha ya afisi huhesabiwa hana dhiki.

Kuna uchungu mwingine. Kwa kuwa hali ya nchi ni sehemu ya ushahidi, mwana wa Pemba hulazimika kukishitaki kisiwa chake. Ataeleza ni tiba gani isiyopatikana Mkoani, Chake Chake wala Wete, na kwa nini mgeni asiyejua Kiswahili atapata kazi kwa taabu mahali ambapo wengi huishi kwa karafuu, samaki na kilimo. Kadiri kisiwa kinavyoonekana kibaya, ndivyo shauri lake linavyopata nguvu. Hasemi uongo, lakini marashi ya karafuu zinazoanikwa, na jirani agongaye mlango kwa sahani ya chakula, havina mahali katika faili lake.

Hatusemi kwamba dola haina haki ya kuuliza. Mizani ya dhiki ina huruma ambayo mizani ya jinsia haikuwa nayo, kwa sababu angalau yakiri kuwa mtu akifukuzwa, anayeumia si yeye peke yake. Kasoro yake ni kuwa yasoma maumivu yaliyoandikwa tu. Wake wa wavuvi wa Vanga na Shimoni walibeba kwa nusu karne dhiki ambayo hakuna mwamuzi aliyewauliza, na hivyo haikuacha faili. Wengi wao sasa ni wazee. Wanafunzi wanaotaka kuandika historia ya ndoa na mpaka wawaendee kwa adabu, wakae mkekani, wasikilize, na wayaandike yale watakayoridhia kuyasema.