Nyongo

Mambo yakiharibika, Mswahili husema yametumbukia nyongo. Aliyewahi kuchinja mbuzi, awe Moiben au Lamu, anajua kwa nini: nyongo ikipasukia nyama, uchungu hautoki. Hata hivyo nyongo si adui. Ini huitengeneza, nayo hushuka utumboni kusaidia kumeng'enya mafuta. Balaa ni njia yake kuzibwa na jiwe au uvimbe wa kongosho: macho yanakuwa manjano, mkojo unakolea kama chai ya rangi, mwili unawasha.

Kwa kawaida daktari hupitisha kamera mdomoni hadi utumboni na kuizibua njia kwa stenti, yaani kibomba kidogo cha kuiacha wazi. Isipowezekana, ipo mbinu aliyoieleza Mfaransa Marc Giovannini mwaka 2001: ultrasaundi iliyo kwenye ncha ya kifaa huiona njia ya nyongo ng'ambo ya ukuta wa tumbo au utumbo, sindano ikatoboa, stenti ikapita hapo.

Wengine huita stenti "mrija". Sikubaliani nao. Mrija wa nyongo ni ule wa kuzaliwa nao, na mgonjwa wa Moiben anayepewa rufaa Eldoret anastahili kujua, kabla ya kutia sahihi, kipi ni chake na kipi kinawekwa.