Seli shina za kiini cha jino na dawa za kukifunika

Seli shina za kiini cha jino ni seli changa zilizomo katika nyama laini ya katikati ya jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Zinaweza kugeuka kuwa seli za kujenga dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli. Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao walizitangaza Marekani mwaka 2000, baada ya kuzitenga kutoka magego ya mwisho ya watu wazima. Mwaka 2003 zilipatikana pia katika meno ya utoto.

Jino likitoboka hadi kwenye kiini, odontoblasti, yaani seli zilizokuwa zikijenga dentini, hufa mahali palipojeruhiwa, nazo hazina uwezo wa kugawanyika. Ndipo seli shina hushika zamu. Protini zilizofungiwa ndani ya dentini tangu jino lilipoumbwa, hasa TGF-beta 1, huachiliwa na kuzivuta kuelekea kwenye jeraha. Huko seli hizo huongezeka, hugeuka na kujenga daraja la dentini mpya kwa wiki au miezi kadhaa. Dawa inayofunika kiini haijengi chochote yenyewe. Inazitengenezea seli hizo mazingira ya kufanya kazi.

Dawa kongwe ni kalsiamu haidroksaidi, iliyoingizwa katika tiba ya meno na B. W. Hermann wa Ujerumani mwaka 1920. Pwani ya Bagamoyo inaijua kwa jina la chokaa iliyozimwa: misikiti ya Kaole, ambayo magofu yake ni ya tangu karne ya 13, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma. Ukali wake, pH ya takriban 12.5, huunguza tabaka la juu la kiini, huua bakteria na kuachilia zile protini. Kasoro yake ni kwamba daraja linalojengwa huwa na vitundu, na dawa yenyewe huyeyuka polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahmoud Torabinejad, wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, alileta dawa iitwayo MTA (mineral trioxide aggregate). Asili yake ni saruji ya Portland, jamii ya ile inayotengenezwa Wazo Hill, jirani na barabara ya Bagamoyo, tangu 1966. Imesafishwa na kutiwa bismathi oksaidi ili ionekane kwenye eksirei. (Saruji ya ujenzi isitiwe jinoni kamwe: si safi, na huwa na metali zenye sumu.) Ikilowa, MTA hutoa kalsiamu kwa muda mrefu. Maabarani, seli shina zilizokutanishwa nayo huongezeka, huhama na kuwasha jeni ya DSPP, alama ya ujenzi wa dentini, na daraja lake huwa zito kuliko la chokaa. Lakini huchukua saa kadhaa kuganda, na bismathi hutia jino weusi. Biodentine, dawa ya jamii hiyo iliyotoka mwaka 2009, haina bismathi na huganda kwa takriban dakika 12. Gundi za plastiki, hasa zenye kemikali ya HEMA, hudhuru seli hizi zikigusana nazo.

Hata hivyo, bakteria wana uzito zaidi kuliko dawa. Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walionyesha kwamba viini vya panya waliolelewa bila vijidudu vilijijengea daraja vikiwa wazi, huku vya panya wa kawaida vikioza.

Funzo hilo lina maana huko Makurunge, Bagamoyo, ambako sehemu ya iliyokuwa ranchi ya RAZABA sasa ni mashamba ya miwa, na popote sukari, chakula cha bakteria hao, ilipo karibu na kikombe cha chai. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha meno Muhimbili walianza kuondoa uozo kwa zana za mkono bila keekee na kuziba jino mapema, njia ambayo baadaye ilienea duniani kwa jina la ART. Kuwahi ndiko kunakookoa kiini. Jino linalouma kwa maji baridi kisha likatulia mara moja, mara nyingi kiini chake kingali hai. Linalokesha likipwita lenyewe huwa limechelewa. Kabla hujakubali jino ling'olewe, muulize daktari kama kiini chake bado kinaweza kufunikwa.