Bei Imeshuka, Kipimo Bado

 Septemba 2014 kampuni ya Gilead iliziruhusu kampuni za India kutengeneza sofosbuvir kwa ajili ya nchi 91, Tanzania ikiwemo. Dawa hiyo ya homa ya ini C humezwa kidonge kimoja kwa siku, pamoja na dawa nyingine, kwa wiki 12. Marekani kidonge kiliuzwa dola 1,000, yaani dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa ruhusa ile ya Gilead, kikwazo cha hataza kilikwisha kuondolewa kwetu. Kinachomzuia mgonjwa wa mkoa wa Katavi leo ni kipimo zaidi kuliko bei.

Wapo wanaoshuku kwamba dawa ya bei nafuu ni dawa hafifu. Shaka hiyo haina msingi: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha sofosbuvir ya jeneriki baada ya kukagua ubora wake. Wengine husema nchi maskini haimudu gharama. Lakini Rwanda ilizindua mpango wake wa kutokomeza homa ya ini C mwaka 2018, ikapima watu kwa mamilioni, ikaagiza kwa wingi, na gharama ya dawa ikashuka hadi takriban dola 60 kwa mgonjwa mmoja. Kilichobaki ni kipimo: ugonjwa huu hukaa miaka mingi bila dalili, na kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole huonyesha kingamwili tu. Virusi vyenyewe huthibitishwa kwa mashine. GeneXpert, inayopima kifua kikuu katika hospitali zetu, inaweza kuvipima pia ikipewa katriji zake.