Kongwa: Karanga Zilikufa, Ng'ombe Wakabaki

Mwaka 1947 matingatinga yalianza kung'oa miti ya miiba huko Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, na serikali yake ikaamini kwamba mamilioni ya ekari za karanga nchini Tanganyika yangeziba pengo hilo. Ardhi ya Kongwa ikakataa. Mvua ilipokatika, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, majembe ya trekta yakalika, na karanga zikagoma kung'oka. Mradi ulifutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, ingawa ndicho chenye manufaa kwa anayetaka kuwekeza leo. Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililorithi mashamba hayo katikati ya miaka ya 1950, liliacha nyasi ziote pale palipofyekwa na kufuga ng'ombe. Ranchi ikastawi. Baada ya Uhuru iliingia mikononi mwa Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, na mpaka sasa eneo hilo la hekta zipatazo 38,000 lina ng'ombe wa nyama, hasa Boran.

Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, walijua tangu zamani kwamba ardhi hiyo ni ya ng'ombe. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, mtama na uwele huweza kuungua shambani, lakini ng'ombe anahamishika. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo wa Wagogo, alieleza jinsi mwenye mifugo alivyogawa kundi lake kwa ndugu na marafiki walioishi mbali. Mlezi alipata maziwa, mwenye mali akabaki na ng'ombe wake. Ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande wa pili unasalimika. Huo ni uwekezaji wa watu wenye akili pevu, na unastahili kusomwa kwa heshima ileile wanayopewa wataalamu wa mipango.

Hata hivyo, kuna majanga yaliyoushinda utaratibu huo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo Afrika Mashariki nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo. Mvua nazo zikakosekana, na njaa ya Mtunya ikaua maelfu kwa maelfu.

Mpwapwa ndiko sayansi ilikoweka makao. Kituo cha mifugo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905 kiliendelea chini ya Waingereza, na hapo ndipo watafiti walipochanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi na zebu wa kienyeji, Boran na damu kidogo ya Ulaya. Akapatikana ng'ombe wa Mpwapwa: mkubwa kuliko wa kienyeji, mwenye maziwa zaidi, anayestahimili ukame. Inauma kwamba mpaka leo hajaenea kama alivyostahili.

Upande wa soko umeyumba zaidi. Kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, Dar es Salaam, kilisindika nyama ya kopo na kuiuza hadi Uingereza; kilipodhoofika na kufungwa, wafugaji wa bara walipoteza mnunuzi mkubwa. Baadaye machinjio ya kisasa ya Kizota, Dodoma, yaliendeshwa kwa ubia wa NARCO na kampuni ya NICOL. Ila ng'ombe wengi bado hupitia mnadani.

Siku ya mnada pale Msalato, Dodoma, dume linazungukwa, linapapaswa nundu na mbavu, kisha bei inatajwa. Pasipo mzani, kilo hukadiriwa kwa macho, na mwenye macho yaliyozoea ni mchuuzi. Mfugaji aliyeswaga mifugo tangu alfajiri, akiwa na ada ya shule ya kulipa, ndiye anayeumia.

Pengo kati ya bei ya dume lililokonda na lililonona ndilo wanalolifanyia kazi wanenepeshaji. Hununua madume yaliyokonda, huyapa dawa ya minyoo na kuyalisha zizini kwa takribani siku 90 kabla ya kuyauza. Dodoma na Singida zinalima alizeti kwa wingi, kwa hiyo mashudu yapo karibu, pamoja na pumba za mahindi. Lakini chakula ndicho kinachokula mtaji. Anayesubiri Oktoba ndipo atafute mashudu huyakuta yamepanda, na faida yote inaishia kwenye hori. Anayejipanga hununua mashudu kati ya Juni na Agosti, viwanda vya kukamua vikiwa na mbegu mpya, akayahifadhi pakavu. Madume anayafuata mwishoni mwa kiangazi, malisho yakiwa yamekwisha na bei ya mnadani imeshuka.