Jinsi Linux Ilivyojifunza Kulala

Mwaka 1992 Intel na Microsoft zilitoa APM, utaratibu wa kubana matumizi ya umeme kwenye kompyuta. Uamuzi mkubwa ulibaki kwa BIOS, programu inayokaa kwenye bodi kuu. Desemba 1996, zikishirikiana na Toshiba, zikatoa ACPI, na mamlaka yakahamia kwa mfumo endeshi.

Mzigo ukaangukia viendeshi, programu zinazouwezesha mfumo endeshi kutumia vifaa. Katika Linux, kiendeshi cha kadi ya PCI kilitakiwa kusimamisha kazi za kifaa chake, kuhifadhi hali yake, kukizima na kukipunguzia umeme. Kompyuta ikiamka, kiyarudie yote kinyumenyume. Hatua ya kwanza tu ndiyo iliyotofautiana kati ya kadi na kadi. Nyingine zilinakiliwa kutoka faili hadi faili, pamoja na makosa yake. Mtumiaji alifunua kompyuta mpakato yake akakuta kadi ya mtandao imegoma kuamka.

Tatizo jingine lilijificha zaidi. Kompyuta inapolala kwa kuandika kumbukumbu yake kwenye diski, vifaa hugandishwa, nakala ya kumbukumbu huchukuliwa, kisha vifaa huamshwa tena ili nakala iandikwe, ndipo umeme ukatwe. Viendeshi vya zamani vilikuwa na funksheni moja tu ya kulalia, na vingi vilizima kifaa kabisa pale palipotosha kukigandisha.

Mwaka 2008 Rafael Wysocki, msanidi wa Linux kutoka Poland, alianza kuleta muundo mpya, uliokuja kuitwa dev_pm_ops. Kila hatua ikapata funksheni yake, na kazi za pamoja zikachukuliwa na kiini cha PCI. Kiendeshi kikabaki na yanayokihusu.

Hata hivyo, viendeshi vingi havikuhama kwa zaidi ya miaka kumi. Nani abadili msimbo wa umeme wa kadi asiyokuwa nayo? Woga huo naona ulikuwa wa haki. Wimbi la mwaka 2020 lilipohamisha viendeshi vingi vya PCI, viraka kadhaa, yaani mabadiliko ya msimbo, vilikiri wazi kwamba vilijaribiwa kwa kompaila tu, si kwenye kadi halisi.

Kukabaki uchafu wa #ifdef, amri ya kuruka sehemu ya msimbo, uliozuia kompaila kuuona msimbo wa kulala pale kerneli, kiini cha Linux, ilipojengwa bila uwezo huo. Kosa la tahajia liliweza kukaa humo bila kugunduliwa na mjenzi wa namna hiyo. Toleo la 5.17 la kerneli, la Machi 2022, lilileta pm_sleep_ptr: kompaila husoma msimbo wote, kisha hutupa usiohitajika. Viraka vikafuata, vingi vikiwa vya mistari michache, sehemu kubwa ikiwa ya kufuta.